Safari ya Agosti: Kutoka Msikiti wa Woking hadi Mbio za Magari ya Kale Silverstone

Familia nyingi za pwani zinapopanga kwenda Uingereza katika likizo ya Agosti, sababu huwa moja kati ya tatu: kumzuru ndugu, kumuuguza mgonjwa, au kumfikisha kijana chuoni. Sisi tumekuja na sababu ya nne, nayo imewashangaza majirani na hata baadhi ya wanakamati wenzetu wa msikiti. Mwakani, inshaallah, tunakusudia kumpeleka baba yetu kutazama mbio za magari ya kale. Tunayaandika haya kabla ya kusafiri, kwa kuwa maswali tuliyoulizwa, na yale tuliyoulizana wenyewe kwa wenyewe, yanaweza kuifaa familia yoyote inayopanga kutoka na mzazi mzee.

Baba ni fundi wa magari mstaafu, amekwisha kupita miaka 70. Alianza kazi akiwa kijana katika gereji moja mjini Mombasa, enzi ambazo kila mwaka, ikikaribia Pasaka, mji mzima ulizungumza Safari Rally. Mashindano hayo yaliasisiwa mwaka 1953, yakapita katika ardhi za Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalihesabiwa miongoni mwa yale magumu kabisa duniani kwa sababu ya vumbi, matope na mito iliyofurika. Mwaka 1965 Joginder Singh, Mkenya aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Sisi tulilelewa kwa masimulizi hayo kama watoto wengine wanavyolelewa kwa visa vya Abunuwasi. Baba hakuwa dereva. Alikuwa kijana wa kupokezana jeki na matairi kando ya barabara, usiku, akilingojea gari lililochelewa.

Sasa presha ya macho inamnyang'anya nuru kidogo kidogo. Daktari ametueleza bila kuficha kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba dawa anazotia kila siku ni za kukilinda kilichobaki. Hiyo ndiyo sababu hatukuliweka jambo hili hadi mwaka utakaofuata.

Hata hivyo hatukukubaliana mara moja. Sisi ni ndugu watatu: dada yetu mkubwa, mwandishi wa makala haya, na mdogo wetu anayeishi Milton Keynes, Uingereza. Dada alipinga. "Baba amekwisha kuhiji, alhamdulillahi, na deni la mtu hana," alisema, "lakini paa la nyumba yake linavuja. Mtawezaje kumpandisha ndege akatazame magari, na mvua inamnyeshea kitandani?" Hoja yake ilikuwa nzito, na hatukuwa na jibu ila kuifuata. Tuliafikiana kwamba paa litangulie, lezekwe kabla ya masika; kwamba wasafiri wawe wanne badala ya tisa waliotajwa mwanzoni; kwamba tufikie kwa mdogo wetu, tusilipe hoteli; na kwamba tuchague tamasha moja tu. Baba alipoulizwa, jibu lake lilikuwa fupi: magari ameyaona ya kutosha, anachotaka ni kuyasikia tena, na mjukuu wake awe ubavuni, ayaulizie.

Likabaki swali la mahali. Ufaransa kuna Le Mans, ambako mbio za saa 24 zilianza mwaka 1923, na ambako magari ya kale hukusanywa yakakimbia mchana na usiku. Tuliliacha kwa sababu mbili: visa ya Uingereza haimwingizi mtu Ufaransa, hivyo gharama na makaratasi yangekuwa maradufu, na mzee hawezi kukesha. Kusini mwa Uingereza kuna Goodwood, shamba kubwa la Mtawala wa Richmond. Huko hufanyika matamasha mawili. La kwanza, lililoanza mwaka 1993, huwa wakati wa kiangazi, na magari hupanda kilima moja baada ya jingine. La pili, lililoanza mwaka 1998, huwa Septemba, katika uwanja uliotumika kwa mbio kuanzia 1948 hadi 1966, na watazamaji wengi huvaa mavazi ya miaka hiyo. Yote mawili yanasifiwa sana, lakini Julai na Septemba mjukuu huwa darasani. Tamasha la Silverstone, lililojulikana zamani kwa jina la Silverstone Classic, huangukia mwishoni mwa Agosti, Ijumaa hadi Jumapili, na uwanja wenyewe hauko mbali na Milton Keynes. Hapo uamuzi ukapatikana.

Tulipoanza kusoma habari za Silverstone, tuligundua kwamba mahali hapo hapaeleweki vizuri bila kupitia kwanza mahali pengine, Brooklands, karibu na mji wa Weybridge, kusini-magharibi ya London. Na kilomita chache kutoka Brooklands upo mji wa Woking, wenye msikiti ambao kila Mwislamu anayefika Uingereza angependa kuuona. Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza ya safari yetu tumeitenga kwa ajili ya miji hiyo miwili.

Asubuhi tutakuwa Brooklands. Mwaka 1907 tajiri mmoja aitwaye Hugh Locke King alifungua katika ardhi yake uwanja wa kwanza duniani uliojengwa makusudi kwa mbio za magari. Ulikuwa wa zege, urefu wake zaidi ya kilomita 4, upana wake mita 30 hivi, na kona zake ziliinuliwa kama ukuta hadi karibu mita 9, ili gari lipite kwa kasi bila kutupwa nje. Ujenzi huo ulimgharimu mali na afya, na mkewe, Ethel, ndiye aliyesimama kuokoa mambo. Februari 1913 Percy Lambert alikuwa mtu wa kwanza kuendesha gari zaidi ya maili 100 ndani ya saa moja, katika uwanja huohuo. Oktoba ya mwaka huohuo, tairi lilimpasukia hapohapo akafariki. Mwaka 1935 John Cobb aliuzunguka kwa kasi ya kilomita 230 kwa saa, akitumia gari lililofungwa injini ya ndege ya lita 24 hivi. Gari hilo, Napier-Railton, bado lipo katika makumbusho ya Brooklands.

Mbio zilikoma mwaka 1939, Vita vya Pili vilipoanza, na hazikurudi tena. Eneo lote lilikabidhiwa viwanda vya ndege, na vipande vya ile barabara ya zege vikabomolewa. Kilichosalia leo ni sehemu za zile kona, zege lake limepasuka na majani yameota katika nyufa. Miongoni mwa ndege zilizoundwa hapo ni Wellington, ndege ya kudondosha mabomu. Mmoja wa ndege hizo, uliozama katika ziwa Loch Ness la Scotland, uliopolewa mwaka 1985, nao umo katika makumbusho hayohayo. Msomaji alikumbuke jina hilo, kwa maana tutalikuta tena Silverstone.

Kutoka hapo tutakwenda Woking kuswali Ijumaa. Msikiti wa Shah Jahan ulijengwa mwaka 1889, nao ndio wa kwanza nchini Uingereza kujengwa makusudi uwe msikiti. Jina lake ni la Shah Jahan, Begum wa Bhopal, mwanamke aliyetawala dola ya Kiislamu huko India na aliyechangia ujenzi wake. Msimamizi alikuwa Dkt. Gottlieb Leitner, mwanachuoni wa lugha za Mashariki. Jengo la asili ni dogo mno, la kuenea watu wapatao 60 tu, na leo jamaa huenea katika kumbi zilizoongezwa. Mwaka 2018 serikali iliupandisha katika daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria yanayolindwa. Sisi tunaoshughulika kila mwezi na bili za maji na rangi za kuta za msikiti tunaelewa maana ya jengo dogo kutunzwa kwa zaidi ya miaka 130.

Wiki ya pili ndiyo ya Silverstone. Uwanja huu uko mpakani mwa wilaya za Northamptonshire na Buckinghamshire. Mwaka 1943 ulikuwa kambi ya jeshi la anga, na vijana walifundishwa hapo kurusha ndege zile zile za Wellington. Vita vilipokwisha, zikabaki njia za kurukia ndege na barabara ya kuizunguka kambi. Waendesha magari, wakiwa wamekwisha kuipoteza Brooklands, walikuja kuzitumia. Mwaka 1948 zilifanyika hapo mbio kubwa za kwanza, na tarehe 13 Mei 1950, mbele ya Mfalme George wa Sita, Silverstone ikawa mahali pa kwanza kabisa pa mashindano ya ubingwa wa dunia wa madereva. Mshindi alikuwa Mwitaliano Giuseppe Farina, kwa gari la Alfa Romeo.

Mdogo wetu amekwisha kufika katika tamasha hilo, na masimulizi yake ndiyo yaliyomshawishi baba. Anasema kwamba mtazamaji hafungiwi jukwaani siku nzima. Huruhusiwa kutembea katika eneo ambalo magari huandaliwa, akaona mafundi wamelala chini ya injini, akasikia gari likiwashwa hatua chache kutoka aliposimama. Magari yenye umri wa miaka 50, 60 na zaidi hushindana kwelikweli, na yakiharibika hutengenezwa palepale. Vipuri vingine havipatikani tena dukani. Lazima viundwe upya na mtu anayejua. Baba alituuliza swali moja tu kuhusu hayo: je, mafundi hao ni wazee watupu, au wapo na vijana? Mdogo wetu alijibu kwamba wapo vijana wengi. Baba alinyamaza, kisha akasema hilo ndilo analotaka mjukuu wake alione.

Sasa tuje katika mipango yenyewe. La kwanza ni swala. Kwa kuwa tutakaa Milton Keynes zaidi ya siku nne, kwa madhehebu ya Imamu Shafi hukumu ya msafiri itatuondoka, na kutoka hapo hadi Silverstone si masafa ya kupunguza swala. Tutaswali kamili, kila swala kwa wakati wake. Mwishoni mwa Agosti huko, adhuhuri huingia saa saba na dakika chache mchana, alasiri karibu na saa kumi na moja, na jua huzama kama saa mbili za usiku. Kwa hiyo swala mbili zitatukuta uwanjani. Tumepanga kuchukua mikeka myepesi, dira na chupa za maji ya udhu, na kutafuta kona ya nyasi yenye utulivu mara tu tunapoingia, kabla umati haujajaa. Tiketi tutanunua za Jumamosi peke yake, ili Ijumaa ibaki na Jumua yake na Jumapili mzee apumzike.

La pili ni chakula. Vinywaji vya kulevya huuzwa katika viwanja hivyo, na nyama yake hatuijui. Tutafungasha chakula nyumbani na kukaa upande wa familia.

La tatu ni usalama. Mchezo huu umeua watu, wakiwamo watazamaji. Mwaka 1955 huko Le Mans zaidi ya watu 80 walipoteza maisha gari liliporuka kuingia kwenye umati, na Uswisi ikapiga marufuku mbio za viwanjani kwa miongo mingi. Viwanja vya leo vina kuta na nyavu, lakini mtoto hapaswi kuachwa asogelee ua. Kelele nazo hudhuru masikio, kwa hiyo kila mmoja wetu atakuwa na vifaa vya kuyaziba, hata baba, ingawa amekwisha kutangaza kwamba vyake atavivua injini ya kwanza itakapowashwa.

La nne ni visa. Ombi la kuzuru Uingereza halipokelewi zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, nasi tutaliwasilisha mara tu mlango huo utakapofunguka, kwa kuwa miezi hiyo waombaji ni wengi. Barua ya mwaliko, taarifa za benki na vyeti vya kuthibitisha undugu vimekwisha kuwekwa katika faili moja. Tiketi za ndege hatutazilipia kabla ya jibu.

Dada yetu hatasafiri. Amesema atabaki kusimamia nyumba. Mafundi wa paa wanaanza kazi wiki ijayo, na mabati yamekwisha kushushwa uani. Mjukuu naye amenunuliwa daftari. Kila Jumamosi, akitoka madrasa, huketi na babu yake barazani, akaandika sehemu za injini moja baada ya nyingine na kazi ya kila moja. Wiki iliyopita walifika kwenye kabureta, wakakwama hapo hadi maghrib, kwa kuwa kijana alidai gari la siku hizi halina kitu hicho, na babu akataka aelezwe basi kazi yake sasa inafanywa na nini. Swali hilo limeandikwa katika ukurasa wa maswali ya kwenda kuwauliza mafundi wa Silverstone. Hadi tunaandika, ukurasa huo una maswali 17.