Mpeni Nafasi Mama Anyonyeshaye

Wazee walinena: mkono mmoja haulei mwana. Neno hilo twalikubali sote kwa midomo. Lakini likija jambo la kunyonyesha, twamwachia mama mzigo wote, kana kwamba maziwa yake ni shauri lake yeye na mtoto tu. Nasi twasema: kunyonyesha ni kazi ya jamaa nzima, na ya jirani, na ya mkubwa wa kazi pia.

Zamani kijijini mzazi alikaa kati ya mama yake, mama mkwe na mashangazi. Wao walimpikia, wakamchotea maji, wakamwonyesha namna ya kumweka mtoto kifuani. Alinyonyesha barazani, shambani na sokoni, wala hakuna aliyegeuza uso. Mtoto alinyonya miaka miwili au mitatu, na wazazi walijizuia ili mimba nyingine isimwondoe upesi. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, wakubwa wengi waliilaumu desturi hiyo, kwani walitaka watoto wazaliwe wengi; wakahimiza mtoto aachishwe mapema. Leo Shirika la Afya Ulimwenguni lafundisha jambo lililo karibu sana na lile la bibi zetu: mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hata miaka 2 na zaidi.

Hatusemi kwamba kila desturi ya kale ilikuwa njema. Mahali pengi maziwa ya kwanza, yale ya rangi ya manjano, yalimwagwa kwa kudhaniwa kuwa machafu. Kumbe ndiyo yenye kinga kubwa kwa mtoto mchanga. Na hata leo bibi huogopa joto, akamnywesha mjukuu maji kwa kijiko. Ajue kwamba katika sehemu 100 za maziwa ya mama, karibu 87 ni maji, nayo yamtosha mtoto.

Lakini mjini, kama vile Bukavu au Lubumbashi, baraza ile ya kijijini haipo tena. Bibi amebaki mbali, baba yuko kazini, na jirani hajulikani hata jina. Twaona ndani ya basi mama kijana akimpa mtoto ziwa ili anyamaze. Vijana wanacheka, na bwana mmoja mwenye tai ananung'unika kwamba heshima imekwisha. Mama anafunika kifua, mtoto analia njia nzima. Safari nyingine mama yule atachukua chupa.

Tulikuwa na jirani, karani katika duka moja kubwa. Aliporudi kazini baada ya kuzaa, mdogo wake alimletea mtoto kila siku saa nne. Mkubwa wake akamwambia akanyonyeshee ghalani, kati ya magunia, asionekane na wanunuzi. Baada ya majuma machache akamkataza hata hilo. Mtoto akapewa uji mwepesi, naye hajatimiza miezi minne. Akaanza kuhara, akakonda, akalala hospitalini siku nyingi kabla ya kupona. Na tazama, Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yampa mama anyonyeshaye mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, nayo yalipwa kama saa za kazi. Mama yule hakuwa akiomba sadaka. Alikuwa akiomba haki yake.

Tena waganga wa hospitali watufundisha jambo ambalo kila mwanamume apaswa kulijua. Maziwa huongezeka kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mtoto akicheleweshwa mara kwa mara, hupungua. Na hofu, haya na uchungu wa moyo huweza kuyazuia yasishuke, hata yakiwamo kifuani. Basi yeye amchekaye mama njiani asidhani kwamba amecheka tu. Amemnyang'anya mtoto chakula, kama mtu aliyemwaga sahani ya mwenzake.

Wengine husema kwamba angalau kanisani mama ajizuie. Mwezi wa Januari 2014, hayati Papa Fransisko alikuwa akibatiza watoto wachanga katika Kanisa la Sistina, huko Vatikano. Aliwaambia akina mama kwamba mtoto mwenye njaa wamnyonyeshe palepale, bila wasiwasi. Ikiwa pale halikuwa jambo la aibu, litakuwaje aibu katika kanisa letu la mtaani?

Wako akina mama wasioweza kunyonyesha kwa ajili ya ugonjwa au shida nyingine. Hao tusiwahukumu, wamfuate mganga, nasi tuwasaidie. Lakini yule awezaye, tusimkatishe tamaa.

Ninyi akina baba, chukueni ndoo mkateke maji, mlaze watoto wakubwa, mhakikishe mzazi amekula na kunywa. Ninyi mabibi, msaidieni binti aliyeumwa ziwa kabla hajakimbilia kopo. Wakubwa wa kazi, tengeni chumba safi chenye kiti, na mheshimu nusu saa zile mbili. Ninyi vijana, mama akipanda basi na mtoto, mpisheni akae. Akianza kunyonyesha, endeleeni na mazungumzo yenu kama kawaida.

Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji moyo, na yahitaji kufanywa leo, kwa maana mtoto mwenye njaa hawezi kungoja hata sisi tumalize kubishana.