Safari ya Mollo na Ua la Kutambaa

Nilipomwambia shangazi kwamba mwezi wa Juni ningekwenda kumwona kwake Mollo, mkoani Rukwa, hakuniagiza nazi wala samaki. Aliniagiza ua: lile la kutambaa, lenye majani mazito yanayong'aa, ambalo wauza maua wa Dar es Salaam huliita money plant. Nilikuwa sijawahi kufika Rukwa. Nikakata pingili, kila moja na kifundo chake na jani lake, nikazizungushia gazeti lenye unyevu na kuzilaza ndani ya kopo lililotobolewa.

Basi lilikatiza Mikumi, likapanda Kitonga, likapita Makambako hadi Mbeya, nikalala huko. Kesho yake tulifika Tunduma, mpakani na Zambia, penye foleni za malori. Hapo gari la Sumbawanga huiacha barabara kuu na kushika lami ya kilomita 223 kuelekea kaskazini-magharibi. Kila tulivyosonga, miti ilipungua. Tulipoipita Laela nikaona mashamba ya mahindi makavu yakingoja kuvunwa, nyasi zilizopauka, na upepo usio na kizuizi.

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, na Ziwa Rukwa, upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Niliposhuka stendi jua lilikuwa kali, ila kivulini nilitetemeka. Nikapanda bodaboda kwenda Mollo nikiwa nimelikumbatia kopo langu ndani ya koti. Asili ya ua hili ni Moorea, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki kisichojua baridi, na joto likishuka chini ya nyuzi 10 huanza kudhurika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Hebu nizione hizo pingili kabla hujakaa."

Alizikagua moja moja, akazitumbukiza kwenye chupa ya maji, kifundo kikiwa ndani na jani likiwa nje, maana mizizi huchipuka kifundoni. Nikamweleza kwamba Dar es Salaam tunamwagilia kila wiki. Akatikisa kichwa.

"Hapa Ufipa, mwezi kama huu, ukifuata kalenda ya Dar utalizika. Fuata udongo."

Shangazi alifundisha sayansi miaka mingi, na maelezo yake yalikuwa wazi. Kwenye baridi mmea hukua polepole na kunywa kidogo. Maji yasiyonywewa hubaki kwenye chungu, yakaziba nafasi za hewa, mizizi ikakosa pumzi na kuoza. Majani huwa ya njano, na mwenye ua, akidhani lina kiu, huongeza maji na kulimaliza. Kipimo chake ni kidole: hukichovya udongoni hadi pingili ya pili, na kikitoka na unyevu, haongezi hata tone. Akimwagilia, hutumia maji yaliyolala ndani ya nyumba, si ya baridi yaliyotoka kuchotwa. Chungu lazima kiwe na matundu chini, na udongo wake huchanganywa na mchanga na mboji ili maji yapite.

Mahali pa kuliweka napo alipachagua kwa makini: karibu na dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi. Jua la mchana la uwandani huunguza majani. Usiku hulisogeza mbali na kioo, lakini si karibu na jiko la mkaa, kwa sababu joto kavu hulinyausha. Vumbi la kiangazi hulifuta kwa kitambaa chenye maji, jani moja baada ya jingine, ili lipate mwanga. Nguzo ya kulipandisha ilikuwa fito iliyofungwa kamba ya katani. Mizizi ya shinani huishika, na kadiri mmea unavyopanda ndivyo majani yanavyozidi kuwa makubwa. Huko porini, kwenye miti mirefu, jani moja huweza kupita nusu mita.

Jambo moja alilirudia mara nyingi: watoto wasilitafune, wala mbuzi asilifikie. Majani na shina vina chembechembe kali zinazowasha na kuvimbisha mdomo na ulimi.

Nilikwenda Mollo nikijua namna moja ya kulitunza ua hili, nayo ilikuwa ya pwani. Msomaji unayeishi Sumbawanga, Njombe, Makete au Lushoto, usikatishwe tamaa na wanaosema maua ya joto hayaishi kwenye baridi. Yanaishi. Punguza maji kuanzia Juni hadi Agosti, liepushe na baridi ya usiku, na usiliwekee mbolea mpaka mvua za Novemba zirudi na ukuaji uanze upya. Na ukipata pingili ya ziada, mpe jirani pamoja na maelezo haya.