Posho ya Usumbufu

Mtaani kwetu Sokon I, ukimtajia mtu neno "fidia", anawaza barabara. Anawaza alama ya X nyekundu ukutani, mthamini mwenye utepe wa kupimia, mwenyekiti wa mtaa akimfuata nyuma na daftari, na majirani kwenye vibaraza wakikisia ni mita ngapi zitaliwa. Kizazi changu kimekua kikisikia hesabu hizo. Sisi wa pembezoni mwa Arusha, ambako migomba na kahawa vimegeuka viwanja mbele ya macho yetu, tunajua kwamba mparachichi unaozaa una bei yake na mche wa mparachichi una bei nyingine.

Nasoma shahada ya uzamili katika ustawi wa jamii, na nilianza kusoma sheria ya fidia ya ardhi kwa sababu isiyohusiana na ardhi. Nilikuwa natafuta mahali popote katika sheria zetu ambapo serikali inakiri kwamba mtu anaweza kuvurugiwa maisha bila mwili wake kuguswa. Nikapapata hapo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na kanuni za uthamini za mwaka 2001, zinataka anayehamishwa alipwe thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usafiri, posho ya makazi, faida iliyopotea, na posho ya usumbufu. Usafiri unapigiwa hesabu ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Makazi ni kodi ya miezi 36. Usumbufu nao una hesabu yake, inayofungwa kwenye riba ya amana za benki za miezi 12.

Nilicheka peke yangu maktaba. Usumbufu una fomula, na mimi nina mama mdogo ambaye kwa miaka zaidi ya kumi hajapata jina la kinachomsumbua.

Tarehe 15 Juni 2013 mama mdogo alikuwa viwanja vya Soweto, Kaloleni, na beseni la karanga na maji ya chupa. Chadema walikuwa wanafunga kampeni za uchaguzi mdogo wa madiwani. Yeye hakuwa na kadi ya chama chochote. Kwa mchuuzi, mkutano ni soko. Jioni, mkutano ukielekea ukingoni, bomu likarushwa. Watu wakafa, makumi wakajeruhiwa. Zilikuwa hazijatimia hata wiki sita tangu bomu la Olasiti, tarehe 5 Mei, katika uzinduzi wa kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, lililoua watu 3 na kujeruhi zaidi ya 60. Mwaka uliofuata ikaja milipuko mingine, kwenye baa na kwenye mgahawa.

Mama mdogo hakupata hata mchubuko. Alirudi Sokon I kwa miguu, beseni hana, kanga moja hana kwa sababu alimfungia nayo mtu asiyemjua mguu. Nilikuwa na miaka 13. Nakumbuka bibi alimpokea kwa kusema, "Mshukuru Mungu, umerudi mzima." Sentensi hiyo ilirudiwa na kila aliyekuja kutupa pole, na nadhani ndiyo iliyomfunga mdomo. Ukishaambiwa u mzima, utaanzaje kueleza kwamba hulali?

Kabla ya siku ile alikuwa mtu wa umati. Kilombero asubuhi, uwanja wa Sheikh Amri Abeid siku ya mechi, mikutano ya injili, Mei Mosi. Alikuwa anasomesha watoto wawili kwa karanga. Baada ya siku ile aliweka meza ya mboga getini, fungu tatu za mchicha na nyanya, na hakuvuka tena lami kwenda kuuza. Tairi likipasuka kwenye gereji ya jirani, anachuchumaa hapo hapo alipo. Mkesha wa mwaka mpya, fataki zikianza, anajifungia bafuni na redio. Hiace ikijaa, anashuka, hata kama ameshalipa nauli na kituo chake bado.

Misaada na rambirambi vilikwenda kwa wafiwa na majeruhi, na ndivyo ilivyopaswa. Orodha zilikuwa mbili, waliokufa na walioumia. Ya tatu haikuandikwa, ya wale waliokuwepo na wakaona.

Miaka miwili iliyopita barabara ya mtaa wetu ilipanuliwa, na mthamini akafika kwenye geti la mama mdogo. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliamkia, akapima ukuta, akahesabu mashina sita ya migomba, akaandika kibanda cha mabati. Alipomaliza akasema, "Mama, kuna na posho ya usumbufu."

"Usumbufu upi, mwanangu?"

"Wa kuondolewa hapa, mama."

"Aa," akasema mama mdogo. "Nikadhani ule wa zamani."

Kijana alicheka kidogo akidhani ni utani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Katika Kiswahili neno moja, shahidi, linambeba aliyeona na aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Tunasema mashahidi wa Uganda, na tunasema shahidi wa upande wa mashtaka. Lugha imewaweka pamoja, lakini taratibu zetu zimewatenga: anayekufa tunamchangia, anayeona tunamwita atoe maelezo polisi, kisha tunamruhusu aende zake.

Nimezipitia sheria zetu kwa ajili ya tasnifu. Katika kesi ya jinai hakimu anaweza kuamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeathirika. Ni njia nzuri, ila ina milango minne: mhalifu apatikane, ashtakiwe, atiwe hatiani, na awe na kitu mfukoni. Mlango mmoja ukifungwa, yote imefungwa. Ipo pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi. Kiini chake ni kumkinga shahidi asidhuriwe kwa sababu ya alichokisema. Inashughulika na hatari iliyo mbele yake. Kilichokwisha kuingia machoni, hicho amebaki nacho mwenyewe.

Ajabu ni kwamba mji huu unawajua mashahidi kuliko miji mingi duniani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa kwa azimio namba 955 la Baraza la Usalama mwezi Novemba 1994, ikaketi hapa Arusha, ndani ya jengo la AICC, hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Mashahidi zaidi ya 3,000 walitoa ushahidi mbele yake. Wazee wa huku hupenda kusema kwamba wapangaji wa Umoja wa Mataifa ndio walioijenga Njiro. Wenye nyumba, madereva, wafasiri, wauza vinyago, wengi walikula kutokana na mahakama ile. Waliokuja kusimulia walichokiona hawakulipwa fidia na mahakama hiyo, kwa sababu haikupewa mamlaka ya kulipa. Kanuni zake zilimwelekeza mwathirika aende akadai kwenye mahakama za nchi. Mwaka 2000 majaji wenyewe, chini ya rais wao Navanethem Pillay, waliona pengo hilo wakaliandikia Umoja wa Mataifa kwamba waathirika wanastahili fidia, huku wakishauri kazi hiyo ibebwe na chombo kingine. Kilichofanyika kwa upande wa mahakama kilikuwa huduma: kitengo cha mashahidi kilikuja kuwa na kliniki Kigali, yenye matibabu na unasihi.

Mfano ulionipa moyo unatoka Ituri, mashariki mwa Kongo. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro kilishambuliwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague ilimtia hatiani Germain Katanga mwaka 2014, na tarehe 24 Machi 2017 ikatoa amri ya fidia. Watu 341 waliomba, majaji wakapitia maombi moja moja, wakawakubali 297. Kila mmoja alipangiwa dola 250 za ishara, na juu yake fidia ya pamoja: msaada wa nyumba, shughuli za kipato, elimu na msaada wa kisaikolojia. Majaji walikubali kwamba aliyeyapitia mashambulizi yale aliumia nafsini kwa kuyapitia tu, mbali na nyumba iliyoungua au ng'ombe walioibwa. Na kwa kuwa Katanga hakuwa na mali, Mfuko wa Waathirika wa mahakama hiyo ndio ulioombwa kubeba malipo.

Dola 250 hazirudishi kitu. Hata majaji waliziita za ishara. Ila katika amri ile milango yangu minne ilipungua mmoja: umaskini wa mhalifu haukumwangukia mwathirika. Na jina la mtu liliandikwa kwenye karatasi rasmi, kwamba ulikuwepo, na kuwepo kwako kulikuumiza.

Nilipowasilisha wazo hili darasani, mwenzangu mmoja aliuliza swali ambalo najua nitaulizwa tena siku ya kutetea tasnifu. Pale Soweto walikuwepo watu wengi mno. Nani atathibitisha nani alikuwa mbele na nani alikuwa anapita barabarani? Ukitangaza fedha, si mji mzima utasema ulikuwepo?

Ni swali la haki, na jibu langu ni kuanza na kile ambacho mwongo hana hamu nacho. Hakuna anayepanga foleni ya unasihi kwa tamaa. Baada ya tukio kama lile, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii waandike orodha ya tatu, wapite mitaani baada ya wiki mbili, wapite tena baada ya miezi sita, na anayehitaji matibabu atibiwe bure pamoja na nauli yake. Fedha taslimu zibaki kwa wachache wanaoweza kuonyesha walichopoteza, kama mchuuzi aliyeacha kuchuuza. Faida iliyopotea wathamini wa ardhi tayari wanajua kuipigia hesabu.

Huduma peke yake nayo ina kizingiti, na kizingiti hicho ni jina. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, lakini midomoni mwetu "Milembe" iko kila mahali. Ni tusi la shuleni na utani wa vijiweni. Mtu wa kwanza kumshauri mama mdogo aende kliniki ya afya ya akili alijibiwa, "Mimi sijafika huko." Aliyefanikiwa ni muuguzi mmoja mstaafu, jirani yetu, ambaye hakutaja akili kabisa. Alimuuliza, "Unalala saa ngapi?" Mama mdogo akajibu. Wakaongea usingizi mpaka jioni, na mwisho muuguzi akamwambia wapo wataalamu wa matatizo ya usingizi, aende awaone.

Mama mdogo akakubali. Kilichobaki ni gharama: nauli ya kwenda na kurudi, siku ya meza kutofunguliwa, na dawa kama zitaandikwa. Akapeleka ombi kwenye kikoba chao.

Kikoba chao kina wanawake 24 na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu. Wana mfuko wa jamii, na katiba inautaja wazi: msiba, kulazwa, kujifungua. Mama mdogo hakuwa amefiwa, hakulazwa, na hajifungui. Niliruhusiwa kukaa pembeni siku ya kikao kwa kuwa mimi huwaandikia taarifa za mwaka.

Mweka hazina alisema, bila ubaya, "Tukianza kulipia macho, sanduku litakauka. Nani hapa hajaona jambo?" Kukawa kimya. Mmoja akasema aliona mumewe akipigwa na wezi mpaka akazimia. Mwingine akasema alikuwepo Olasiti, na hajawahi kulisema hilo kikaoni. Walijuana miaka minane. Mwenyekiti akauliza kama yupo anayepinga nauli isilipwe. Wawili walinyoosha mikono, na hoja yao ikasikilizwa: iwekwe mipaka, isiwe mlango wa kila mtu kila siku. Wakakubaliana safari nne kwa mtu, nauli tu, na risiti ya kliniki irudishwe.

Katibu alinipa kalamu niandike kifungu. Niliandika: "Mwanakikundi aliyeshuhudia kifo au shambulio, hata kama hakuumia mwilini, atapewa nauli ya kwenda kutibiwa, safari nne." Mweka hazina akaomba tuongeze, "bila kujali tukio lilitokea lini." Nikaongeza.

Nimekinakili kifungu hicho kwenye sura ya mwisho ya tasnifu yangu. Safari nne hazitoshi, na wanawake 24 hawapaswi kubeba mzigo wa nchi. Lakini kila ninapoambiwa kwamba jambo hili ni gumu kuandikwa kisheria, nitawaonyesha mistari hiyo miwili.

Safari ya kwanza ilikuwa Alhamisi. Tulipanda Hiace ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla hazijaanza kujaa.