Kisumu, mji uliompa Kenya meya wa kwanza mwanamke Mwafrika

Watoto wanaofika Kisumu kwa mara ya kwanza hukimbilia ziwani. Wanataka kuona mashua za Dunga, kula samaki kwa ugali na kuwatazama impala katika hifadhi iliyo ukingoni mwa maji. Wazazi nao huhesabu nauli na kutafuta kivuli. Lakini katikati ya mji huo kuna hadithi inayofaa kusimuliwa kabla safari haijaisha, hasa kwa mzazi aliye na binti.

Kisumu ulikua kwa sababu ya reli, iliyofika ufukweni mwa ziwa mwaka 1901, wakati mahali hapo palipoitwa Port Florence. Maduka yakafuata, kisha masoko, ofisi na mnara wa saa uliofunguliwa mwaka 1938. Hata baada ya uhuru ulibaki mji mdogo: sensa ya 1969 ilihesabu watu wapatao 32,000. Katika mji wa kiasi hicho, diwani hukutana sokoni na watu waliompigia kura, na wakiwa na malalamiko hawangoji mkutano.

Hapo ndipo Grace Onyango, mwalimu aliyezaliwa mwaka 1924, alipoingia katika baraza la manispaa. Baadaye akawa meya, mwanamke wa kwanza Mwafrika kushika wadhifa huo nchini Kenya. Siku hizo meya alichaguliwa na madiwani wenyewe, na wengi wao walikuwa wanaume. Alikuwa mke na mama, na Bungeni hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa ambaye angeweza kumtazama kama mfano.

Kazi ya baraza la mji haina fahari nyingi. Ni takataka zizolewe, mitaro izibuliwe, soko lipate choo, shule ipate madarasa. Lakini ndiyo mambo yanayoamua kama mtoto ataharisha wiki hii au ataenda shuleni. Miji ya ziwani inalijua hilo vizuri. Kipindupindu kilipoingia Kenya mwaka 1971 kilikuja kukaa, na kanda ya ziwa imekipata mara nyingi. Mama anayechota maji na kumwuguza mtoto usiku huona kasoro ya mtaro kabla ya karani kuiandika.

Kisumu pia una kumbukumbu chungu. Hospitali kubwa ya mkoa, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na ambayo wenyeji bado huiita "Russia", ilifunguliwa Oktoba 1969. Siku hiyo ghasia zilizuka na polisi wakafyatua risasi. Watu waliuawa, watoto wakiwemo. Leo hospitali hiyo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga na akina mama huenda kujifungulia hapo.

Wiki chache baadaye, katika mji uliokuwa bado na majeraha, wapiga kura walimtuma Mama Grace Bungeni. Akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge tangu uhuru, na baadaye wa kwanza kuketi katika kiti cha Spika kama naibu wa muda. Alifariki Machi 8, 2023, Siku ya Kimataifa ya Wanawake, akiwa na miaka 98.

Njia aliyoifungua bado si pana. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa vyombo vya uchaguzi, na Bunge bado halijalitimiza hilo. Katika kaunti 47, uchaguzi wa 2022 ulitoa magavana wanawake saba. Mwaka 2017 walikuwa watatu. Na sasa zahanati, masoko na shule za chekechea ziko mikononi mwa kaunti.

Kwa hiyo mkiwa Kisumu, baada ya samaki na picha za ziwa, pitieni mjini kwa miguu. Waonyesheni watoto mnara wa saa na soko, kisha waulizeni ni nani anayepaswa kuzibua mtaro ule. Wakishajibu, waambieni kwamba mwalimu mmoja, mama wa watoto, aliwahi kuifanya kazi hiyo kuwa yake.