Kukimbia Kipupwe: Majuma Saba Lodwar na Kakuma

Zamani mtu wa milimani akisikia jina la Lodwar alishtuka, kwa maana lilikuwa jina la adhabu. Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959, serikali ya kikoloni haikumrudisha kwao bali ilimhamishia Lodwar, akakaa huko chini ya amri ya kutotoka hadi 1961, na mwezi wa Machi mwaka huo viongozi wa KANU na KADU wakasafiri kwenda kumwona. Mahali pale palichaguliwa kwa kuwa ni mbali, tena ni moto. Basi msomaji asinicheke nikisema ya kuwa mimi, karani mstaafu na mkulima wa viazi, nimekwenda Lodwar kwa hiari yangu na kwa nauli yangu, na kilichonipeleka ni ule moto wenyewe.

Kwangu ni Kinangop, kiasi cha mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Wakulima wenzangu wa huko hawahitaji kuelezwa kipupwe ni nini. Tangu Juni hata Agosti jua hujificha, ukungu huteremka kutoka Nyandarua, na nguo iliyoanikwa Jumatatu huanuliwa Alhamisi nayo bado ni mbichi. Miaka miwili mfululizo mwezi wa Julai ulinikuta kitandani hospitalini, kifua kimebana hata siwezi kumaliza maneno matano bila kutweta. Daktari akanishauri nitafute mahali pakavu penye joto kwa miezi ile. Watu wa Ulaya wenye fedha wana desturi hiyo tangu zamani, na hata ndege wao wanayo, kwani mbayuwayu na vitwitwi wa huko huja Ziwa Turkana kila mwaka kukimbia baridi yao. Nami nina mwana ambaye ni mwalimu Kakuma. Akaniandikia, “Baba, njoo uote jua, huku halilipiwi.”

Nililala Kitale, na kulipopambazuka tukashika njia ya kilomita 300 hivi kwenda Lodwar. Kapenguria nilikuwa bado nimevaa koti. Tulipoteremka Marich nililivua, Kainuk nikavua sweta, na Lokichar, mahali palipopata sifa ya mafuta mwaka 2012, nilikuwa nimebaki na shati. Sababu yake si ngumu. Kila ushukapo mita 1,000 joto huongezeka kiasi cha nyuzi sita, na Lodwar iko mita 500 tu juu ya bahari. Mchana hufika nyuzi 35 na kupita, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Upepo wa kusini-mashariki hupenya kwa nguvu kati ya milima ya Kenya na ile ya Ethiopia, ukapitisha unyevu wake juu ya nchi ile bila kuuangusha. Wenyeji waliniambia kwamba Julai ni mwezi wa nafuu. Sikubishana nao.

Nilipanga chumba karibu na Mto Turkwel, penye mikoma mirefu. Siku ya nne niliamka alfajiri nikaona kuna jambo geni, nikakaa kitako kulitafuta, kumbe sikohoi! Nilitembea mpaka darajani na kurudi bila kusimama. Nilijifunza pia mwendo wa siku wa Waturkana, yaani kazi mapema, kivuli adhuhuri, na mazungumzo jioni, kwa chai ya maziwa yenye sukari nyingi kuliko aipendayo daktari wangu.

Lakini nilikuwa na kosa moja. Kwa furaha ya joto nilikuwa nikioga asubuhi na jioni, na kufua kila siku. Siku moja mama mwenye nyumba, Mturkana wa makamo, alilitazama beseni langu akasema kwa upole, “Mzee, wewe unaoga kama mtu wa mvua.” Kesho yake nikafuatana na binti yake kuteka maji. Siku ile mabomba yalikuwa makavu, tukaenda kwenye mkondo wa mchanga ambako wanawake walikuwa wamechimba shimo lenye kina cha kimo cha mtu. Aliye chini alichota kwa kikombe, akampa wa juu yake, naye akajaza dumu. Nilihesabu muda: dumu moja la lita 20 lilichukua karibu nusu saa. Mama yule alikuwa na mbuzi arobaini kabla ya mvua kukosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020. Walibaki sita. Tangu siku ile nilioga kwa kopo mbili.

Majuma mawili ya mwisho nilikaa kwa mwanangu Kakuma, kiasi cha kilomita 120 mbele. Huko kifua hakikufurahi. Vumbi la Kakuma huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, na usiku wa pili nilikohoa kama nilivyokohoa nyumbani. Yeyote mwenye pumu anayefikiri kunifuata na ajue hilo, akae Lodwar kando ya mto.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata jirani yake mwaka 2016. Sokoni nilizoeana na mzee mmoja fundi cherehani, mtu wa milima ya Itombwe huko Kivu, aliyekwisha kukaa kambini zaidi ya miaka kumi. Nilipomweleza kilichonileta aliacha kushona. “Papa,” akasema, “ile baridi yenye unakimbia, mimi ndiyo ninalilia.” Kwao walilima viazi, kama sisi, na asubuhi waliota moto. Akaniuliza naondoka lini. Nikamwambia Jumamosi. Yeye hawezi kupanda basi hata la Kitale bila hati ya ruhusa, na juu ya tarehe yake hakuna mtu awezaye kumjibu. Nikaona haya kuendelea kulisifu jua mbele yake.

Siku ya kuagana hakutaka zawadi. Aliniomba nikifika nyumbani nimpigie simu asubuhi yenye ukungu.

Nilimpigia tarehe 2 Septemba, manyunyu yakipiga juu ya mabati. Sikusema neno, nikainua simu kuelekea dari. Alinyamaza muda mrefu, hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kama viazi vimekwisha kuchimbwa.