Rangi mbili za kaske nyeusi

Wamama wenzetu, juma hili kikao chetu kiliongea habari ya kaske, wala si kaske ya wenye pikipiki. Kijana wa mwenzetu mmoja, anayechora mabango ya saluni, aliomba mkopo katika sanduku la kikundi anunue kartoni ngumu, gundi na rangi, ili atengeneze kopi ya kaske ya sinema. Wengi wetu tulicheka. Pesa ya sabuni na ya minervali iende kwenye kofia ya mchezo?

Tukamwambia aeleze. Kaske yenyewe ni ya Darth Vader, yule mtu mbaya wa Star Wars, filamu ya 1977. Mmarekani Ralph McQuarrie aliibuni kwa mchoro, na Mwingereza Brian Muir akaifinyanga kwa udongo huko Elstree, karibu na London. Sisi sote tulikuwa tunaiona nyeusi tu. Kijana akapanga foto mezani, akatuomba tuangalie polepole. Kumbe kuna nyeusi inayong'aa, na pembeni yake kuna kijivu kama chuma cha bunduki. Rangi hizo mbili zilipakwa kwa mkono. Hata uso wenyewe haulingani kuume na kushoto. Kwa filamu ya 2005 walitengeneza nyingine, pande zikalingana. Ni safi, lakini sisi tulipenda ile ya kwanza.

Hapo wamama wakanyamaza, maana hiyo ndiyo kazi yetu kila tunaponunua kitenge soko la Kadutu. Tunageuza kitambaa, tunasoma maandishi ya ukingoni, tunatafuta ile mistari midogo ya nta iliyopasuka. Katika wax hollandais ya kweli mistari hiyo haifanani mita kwa mita. Kopi ya bei rahisi inairudia vilevile, kama muhuri.

Foto nazo zinadanganya. Chini ya taa kali kijivu kinapotea, yote inaonekana nyeusi. Kwa hiyo anahitaji foto za pande nyingi na za mwanga tofauti. Mama mmoja anayetia vitambaa rangi akasema yeye hachagui rangi chini ya neoni ya duka, anatoka nje kwanza.

Lakini swali lililotuchukua muda mrefu lilikuwa lingine. Akiifanya vizuri hivyo, nani atamzuia mtu kuiuza kama ya kweli? Kati yetu kuna waliolipa kopi kwa bei ya hollandais, na uchungu wake wanaujua. Kijana akajibu kwamba ataandika jina lake na mwaka kwa ndani, kwa rangi isiyofutika. Wengine walitosheka, wengine hapana. Mama yake hakusema neno.

Tulikubaliana nusu ya mkopo. Nusu nyingine inabaki kwa mweka-hazina, mpaka atuletee kaske tuigeuze na kusoma jina.