Kinachofika kwenye Skrini

Katika Laravel, ukurasa haujui ila ulichopewa. Mtu akifungua anwani, tuseme /foleni/27, ruti huichukua ile 27 na kuipeleka kwa kidhibiti. Kidhibiti huuliza hifadhidata, kisha huukabidhi mwonekano majibu. Kazi ya mwonekano ni kuonyesha tu.

Mradi wangu wa uzamili ni skrini ya foleni ya kliniki. Kuukabidhi mwonekano rekodi nzima ni rahisi: neno moja, $mgonjwa, na ndani yake mna jina, umri, ugonjwa na dawa. Kuchagua namba ya foleni na namba ya chumba pekee kunaniongezea mistari miwili.

Shangazi yangu aliihama kliniki ya jirani siku jina lake lilipoitwa kwa sauti, pamoja na chumba cha dawa alichotakiwa kuingia. Sasa hupanda daladala mbili kufuata vidonge vyake mahali asikojulikana.

Kwa hiyo mistari hiyo miwili naiandika. Atakayeurekebisha ukurasa huu baada yangu ataupamba apendavyo: rangi, herufi kubwa, hata sauti ya kuita. Jina la mgonjwa hatalikuta pale.